Mtungi wa Gesi Uliovaa Kitambaa

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa shuleni nikaenda kulea watoto wa shangazi. Kwa hivyo nikisema mjukuu wangu anafanya kazi ya kuhesabu moto wa Afrika, usinicheke. Ndivyo nilivyoielewa kazi yenyewe, na yeye aliponisikia nikiwaeleza wenzangu kanisani, alisema sijakosea sana.

Nimshukuru Mungu kwanza, ndipo niendelee. Nimshukuru kwa huyu mtoto, nimshukuru kwa kifua changu ambacho bado kinavuta pumzi, na nimshukuru hata kwa aibu niliyoipata, kwa maana aibu ile ilinifaa kuliko sifa zote nilizowahi kupewa.

Tunakaa karibu na Jogoo Road, katika zile nyumba za zamani za chumba kimoja ambapo mlango unatazamana na mlango na bomba la maji liko katikati. Marehemu mzee wangu alikuwa mtu wa reli. Nilikuja kutoka magharibi na mkeka, sufuria mbili na mimba, na sijahama tena. Kwetu nyanya huitwa kukhu, na kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wa ploti, yaani hizi nyumba za ua mmoja, kila mtu huniita hivyo, hata jirani yangu wa mlango wa pili ambaye ni mtu wa Murang'a na anauza mandazi.

Mjukuu huyu nilimlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Stima ikipotea alisoma kwa koroboi, na stima ilipotea sana. Asubuhi akipenga kamasi, kamasi ni nyeusi. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Kila stima ilipopotea, alichukua kipande cha chaki akachora mstari nyuma ya mlango. Ikirudi, anaukata ule mstari. Mlango wenyewe nilikuwa nimeupaka rangi kwa mkono wangu. Nilimchapa. Nikamwambia hakuna mwanamume atakayelipa mahari ya msichana anayechora milango. Leo analipwa mshahara kwa kazi ileile.

Kazi ni hii, kama alivyonieleza nikichambua mboga. Nchi nyingi za Afrika zimekubaliana kufunguliana jikoni. Kila nchi iseme wazi stima yake ni kiasi gani, inapotea vipi, watu wake wanapika kwa kuni au makaa au mafuta taa au gesi. Iandikwe mahali ambapo yeyote anaweza kusoma bila kubisha hodi. Na iandikwe pia hizo hesabu zilipatikanaje, nani aliulizwa na aliulizwa vipi, ili mtu wa nchi nyingine akiona jambo halikai sawa, aulize. Nikamuuliza faida yake ni nini, mbona kila mtu na moto wake. Akasema zamani mambo yetu yaliandikwa na watu wa mbali waliokuwa wakikisia tu.

"Na wakikisia kwamba mna gesi, Kukhu, hakuna atakayehangaika kuwaletea gesi."

Hilo nililielewa mara moja. Ni kama mama anayepakua wa mwisho. Watu wakidhani ameshakula, sahani inampita.

Mshahara wake wa kwanza ulipoingia, alikuja na mtungi wa gesi na jiko lake la mezani. Alisema ni kwa ajili ya kifua changu, kwa sababu daktari alikuwa amesema moshi ndio unaonikohoza. Nilipiga vigelegele mpaka watu wa ploti ya nyuma wakatoka kuona ni nani anaolewa. Nikakaa wiki nzima nikifuma kitambaa cheupe chenye pindo la manjano. Kwangu hakuna kitu cha maana kinachokaa uchi. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa. Mtungi nao ukavishwa. Nikauweka kando ya televisheni, mahali ambapo mgeni akiingia jicho lake linaanzia hapo.

Na hapo ndipo ulipokaa. Sikuupikia. Maharagwe yanataka nusu ya siku, githeri ya mahindi na maharagwe vivyo hivyo, na ukiyachemshia gesi unahisi moyo wako ndio unaungua. Tena niliogopa ule mlio wake wa pwaa ukiwasha. Basi nikawa nawasha Jumapili tu, mjukuu akija baada ya ibada. Nachemsha chai mbele ya macho yake. Akishaondoka nazima, navisha mtungi nguo yake, natoka nje kwa jiko langu la makaa. Akiniuliza kifua kinaendeleaje, namwambia tangu aniletee gesi nimekuwa msichana. Kisha natafuta sababu ya kwenda bombani, nikakoholee huko.

Ikaja siku ya kuulizwa. Ofisini kwao mjukuu alikuwa ameombwa apendekeze mtaa mmoja wa Eastlands, upande wetu wa jiji, uwe mfano, naye akapendekeza wetu, kwa kuwa aliujua mlango kwa mlango. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwauliza watu wake, kwa hivyo alitumwa msichana mwingine, mpole, mwenye simu bapa kubwa kama kitabu cha nyimbo. Akaanza na mimi kwa sababu ya umri. Nikamkalisha kwenye kiti kinachotazama mtungi.

Aliuliza mengi. Tunaishi wangapi, stima inapotea mara ngapi, taa ni ngapi. Kisha akauliza tunapika kwa kutumia nini hasa, nichague kimoja.

Mtu akija na maswali katika mitaa yetu, sisi humvalia. Tumehesabiwa sana hapa, na tumewaona wengi wakiondoka na aibu yetu mfukoni bila kurudi na kitu. Na huyu hakutoka kwingine, alitoka ofisi ya mjukuu wangu. Ningemwambiaje kwamba zawadi ya mjukuu ni pambo?

"Gesi," nikasema.

Wakati huo maharagwe yangu yalikuwa yanatokota nje kwa makaa, hatua mbili kutoka mlangoni. Binti wa watu alikuwa ameliruka jiko akiingia. Akauliza kwa adabu lile jiko ni la nini. Nikamwambia ni la kuchomea mahindi.

Jirani yangu wa mandazi alikuwa amesimama dirishani akisikiliza, kama ilivyo dini yake. Msichana alipofika kwake, hakumaliza hata swali. "Andika kama ya Kukhu," jirani akasema. Mlango wa tatu, andika kama ya Kukhu. Hivyo hivyo ploti nzima, na ploti ya nyuma wakasikia wakafuata, mpaka kwa yule mama ambaye hata kiberiti huomba kwangu. Kwetu mkubwa akishasema, wadogo hawampingi mbele ya mgeni. Ni heshima. Na heshima ile ndiyo iliyotaka kummaliza mjukuu wangu.

Miezi ikapita, nikasahau. Jumapili moja akaja akiwa amebeba ile kompyuta yake kifuani kama mtoto mgonjwa. Nikawasha gesi, nikabandika chai. Hakuinywa. Akanieleza kwamba hesabu za mtaa wetu zilikuwa zimewekwa wazi pamoja na za nchi nyingine, na mama mmoja wa Ghana, mkubwa katika kazi hiyo, alizisoma akauliza swali. Karatasi moja ilisema karibu kila nyumba hapa inapika kwa gesi. Karatasi nyingine, ya wanaohesabu magari ya makaa, ilisema magunia yanashushwa hapa kila wiki. Sasa hayo makaa yanaliwa na nani?

"Jumanne tuna mkutano nao," akasema. "Nisipokuwa na jibu, mtaa wetu unafutwa. Na Kukhu, ofisini wameniuliza kama zile fomu nilizijaza mwenyewe, nikiwa nimekaa mezani."

Aliyasema hayo polepole, akitazama mtungi. Huyu ni mtoto ambaye akiwa darasa la pili alirudisha penseli ya mwenzake usiku wa siku ile ile aliyoiokota, akanilazimisha nimsindikize. Na watu walikuwa wanamuuliza kama ni mwongo, na mwongo mwenyewe alikuwa anammiminia chai.

Nikamwambia Mungu ataona njia. Akaenda zake.

Jumatatu asubuhi nikamwendea jirani wa mandazi, nikitumaini atanipa maneno ya kunifariji. Alikuwa anakanda unga. Nikamweleza yote. Akasema yeye alisema gesi kwa sababu mimi nilisema gesi, na kama ningesema ninapikia mavi ya ng'ombe angesema mavi ya ng'ombe. Nikamwambia si kitu cha kuchekesha, mtoto atafukuzwa kazi. Akaacha kukanda.

"Kukhu, wewe ndiye uliyeanza. Nenda ukamalize."

Nikamuuliza nikafanyeje huko mjini, mimi nisiyejua hata Kiingereza cha kuomba maji. Akaiangalia sufuria yangu ya maharagwe pale nje kwenye jiko langu, nyeusi tii kutoka ukingoni hadi kitako, akasema hiyo haihitaji Kiingereza.

Jumanne nikavaa gauni la ushirika wa akina mama, nikaifunga sufuria ndani ya gunia, nikaenda. Askari wa mlango wa jengo lile alitaka kuona ninabeba nini. Nikamfungulia. Akatazama sufuria, akanitazama mimi, akaniuliza kama ninapeleka chakula. Nikamwambia ninapeleka ushahidi. Alinipitisha, nadhani kwa woga.

Mjukuu alinikuta nimekaa kwenye korido, gunia mapajani. Rangi ilimtoka. Alidhani kuna msiba.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Ile gesi yako sipikii. Ni chai ya Jumapili tu, ukiwa umekaa unaiona. Mengine yote ni makaa. Nilimdanganya yule msichana, na mtaa mzima ukanifuata."

Nilingoja hasira, na nilikuwa tayari kuipokea. Alitazama gunia, akatazama viatu vyake, na alipoinua uso akauliza neno moja tu.

"Na kifua?"

"Kinakohoa."

Basi akalia, pale pale, na watu wakipita na karatasi zao. Alisema amekuwa akimwambia kila mtu kwamba gesi imemponya kukhu wake. Kazi yake yote, akasema, ni kujua watu wanaishije hasa, na hakujua nyumba moja, ile aliyolelewa. Nikamshika mkono. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha wangu kwa kitambaa cheupe chenye pindo la manjano.

Mkubwa wake, mama mwembamba mwenye miwani, alitoka kuuliza kuna nini. Alipoelezwa hakutufukuza. Alinifungulia mlango, akanivutia kiti, akasema mkutano umeanza na afadhali waisikie kwa mwenyewe.

Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa chenye nyuso. Mama wa Ghana alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwa kizuri sana, ameketi kwake nyumbani, jikoni kukionekana nyuma yake. Kulikuwa na baba mmoja wa Zambia. Kulikuwa na mzungu mmoja ambaye dirishani kwake kulikuwa kunaanguka theluji, na nikamwonea huruma. Mjukuu akawaambia mimi ni nani. Kisha akanigeukia, akasema nizungumze Kiswahili changu, yeye atawageuzia kwa Kiingereza.

Nikasimama. Nikaitoa sufuria kwenye gunia, nikaigeuza, nikawaonyesha kitako chake. Masizi yakamwagika kwenye meza yao safi.

"Mwanamke ukimuuliza anapika kwa moto gani, atakutajia kile ambacho angependa kupikia," nikasema. "Msimuulize mwanamke. Geuzeni sufuria."

Mjukuu akageuza maneno. Nikaona hawajakasirika, nikaendelea. Nikawaambia fomu yao ina mlango mmoja tu, na jiko la maskini lina milango mingi. Chai yangu ni gesi. Maharagwe yangu ni makaa. Mafuta taa yako chini ya kitanda kwa siku ya mvua, jiko lisipokaa nje. Mkinilazimisha nichague kimoja mbele ya mgeni, nitachagua kile kilichovaa kitambaa. Nikasema pia, na hili nililisema nikimtazama yule mama wa Ghana, kwamba mtoto huyu hajajaza kitu mezani. Uongo ni wangu, nimeubeba mwenyewe mpaka hapa.

Mama wa Ghana akainuka, akatoka kwenye kioo, tukabaki kutazama kiti chake kitupu. Nikafikiri nimeharibu. Akarudi ameshika sufuria kubwa ya duara, akaigeuza. Ilikuwa nyeusi kama yangu, labda kuliko yangu. Akasema kitu, na mjukuu wangu akaanza kucheka, machozi hayajamkauka.

"Anasema hii ni ya supu, huipikia nje. Na jiko lake la gesi ndilo lile nyuma yake, linameremeta."

Yule baba wa Zambia akavua miwani, akasema mama yake ana jiko la stima ambalo kwa miaka mingi amepanga juu yake sahani za sikukuu. Hata wa theluji alicheka, akasema kwa nyanya yake jiko la kisasa lilikuwa pambo, nao wakiendelea kuwasha kuni kwa siri. Nikawaza, kumbe watu hawa wote wana mama. Nilikuwa nimewaogopa bure.

Wakazungumza sana baada ya hapo, mengine sikuyafuata. Lakini mjukuu alinieleza walivyokubaliana. Mtaa wetu haufutwi. Majibu ya kwanza hayafichwi pia. Yanaachwa wazi, na chini yake inaandikwa kwamba yalikuwa na kosa na kosa lilitoka wapi. Watu wataulizwa upya, chakula kimoja kimoja, chai kwa moto gani, maharagwe kwa moto gani, maji ya kuoga kwa moto gani, na muulizaji atazame sufuria kwa macho yake. Na si hapa tu, hata Ghana na Zambia watauliza hivyo. Mkubwa wa mjukuu akasema mbele ya wote kwamba anamwomba mjukuu wangu msamaha kwa lile swali la fomu za mezani. Alimwomba kwa jina lake kamili. Hilo nililielewa hata kwa Kiingereza.

Niliporudi nikawatangazia akina mama kwamba yule msichana mpole anarudi, na safari hii atatazama sufuria. Kosa langu la pili. Asubuhi aliyofika, nilitoka nje nikakuta ploti nzima imejaa mng'aro. Walikuwa wameamka kabla ya jogoo wakasugua sufuria zote kwa jivu na mchanga. Ya jirani wa mandazi ungeweza kujitazamia ukisuka nywele. Nikasimama pale bombani nikawaambia hatujaitwa arusi, bandikeni sufuria motoni mpike kama siku zote. Jirani akasema alinisikia nikisema mgeni anakuja kutazama sufuria, je nilitaka aaibike? Alikuwa na haki, maana ndivyo nilivyomfundisha. Msichana akapewa mandazi na chai, akangoja mpaka chakula cha mchana kikaiva, ndipo akapita mlango kwa mlango. Hakuna aliyesema andika kama ya Kukhu. Yule mama wa kiberiti alisema kwa sauti kubwa, makaa, na jioni maboksi ya kuokota, akasimama wima akisema.

Namshukuru Mungu kwa siku ile. Namshukuru kwa mama wa Ghana ambaye sitakutana naye, aliyeuliza swali badala ya kunyamaza. Asingeuliza, ningekuwa bado navisha mtungi nguo na kukohoa bombani.

Mjukuu alinionyesha ukurasa wenyewe kwenye simu yake. Jina la mtaa wetu lipo, na chini yake maneno madogo ambayo alinisomea kwa Kiswahili. Yanasema kwamba mkazi mmoja mzee alieleza majibu ya kwanza yalivyopotoka. Nilimwambia wangeandika pia kwamba mkazi huyo alivaa vizuri.

Yeye nami tuliketi tukapatana kama watu wazima. Chai, mayai na ugali ni gesi. Maharagwe na githeri ni makaa, lakini mbali na mlango, na mimi nisilichutamie jiko. Kifua kimepungua kukohoa, hakijaacha. Namwambia hivyo hivyo, kimepungua, hakijaacha. Kitambaa aliniomba, akaenda nacho ofisini, amekitandika mezani pake. Mtungi umekaa uchi kwenye kona ya kupikia, rangi imechubuka ubavuni, na umeshamwagikiwa na uji.

Na nyuma ya mlango, chaki ninaiweka mimi mwenyewe juu ya fremu. Stima ikipotea nachora mstari, ikirudi naukata. Jumapili anakuja anaupiga picha mlango kabla hata hajaketi, kisha ndipo tunakunywa chai.